Java Iliyoandikwa kwenye Programu ya Barua

Juzi nikiwa kwenye duka la stesheneri hapa Musoma, mwanachuo mmoja kutoka Butiama alimfungulia fundi wa hapo kompyuta yake. Programu aliyoiandika kwa Java, lugha ya kutengenezea programu za kompyuta, ilikataa kufanya kazi, na kesho yake alitakiwa kuiwasilisha chuoni.

Fundi akashika kichwa. "Dada! Java yote hii umeiandikia kwenye programu ya kuchapia barua? Si inakubadilishia alama na herufi!"

"Ndiyo niliyokuwaga nayo. Mwalimu anatuandikiaga ubaoni."

Fundi akamwekea programu ya kuandikia Java, ile inayopigia kosa mstari mwekundu. Wakasahihisha pamoja mpaka ikakubali. Binti akafunika uso, akalia.

"Mwaka mzima nilijua mimi ndio mjinga."

Mwaka mzima anasomea kompyuta, na hakuna mwalimu aliyewahi kutazama kompyuta yake!