Tulivyolima Julai

Miaka ile ya mwanzo ya uhuru nilikuwa mlisha mashine katika kiwanda cha kuchambua pamba, nje kidogo ya Shinyanga. Meneja wetu hakuwa mtu mbaya sana, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: neno chama lilimpandisha presha. Asubuhi moja alipanda juu ya robota la pamba ili aonekane vizuri, akatutangazia kwamba atakayesikika kajiunga na chama cha wafanyakazi achukue virago vyake siku hiyohiyo. Tukaitikia "ndiyo bwana" kwa sauti moja. Kwa kuitikia, sisi Wasukuma hatujambo.

Msimu huohuo shemeji yangu, mume wa dada yangu, aliyekuwa akitia mafuta mashine, alivutwa mkono wa kulia na mkanda. Kidonda kilipopona, mkono ulibaki umekunjamana, haushiki kitu. Meneja akamwambia mwisho wa mwezi aondoke kazini, na chumba cha kampuni akiache. Dada yangu alikuwa na watoto wadogo na mwingine tumboni. Niliumia sana, na pia niliogopa, maana chumbani kwangu hata mimi na kitanda tulikuwa tunabanana.

Siku ya gulio akaja mtu wa chama kutoka pwani, kijana wa suruali iliyopigwa pasi. Tukamsikiliza nyuma ya mabanda ya wauza tumbaku. Alisema Kiswahili kizuri mno: mshikamano, katiba, maslahi. Tulitikisa vichwa kwa heshima, na hatukuelewa hata nusu. Mwishowe mzee wetu mmoja, mchochea moto wa boila, akauliza, "Sasa mwanangu, mwenzetu akiumia, wote tunamwendea?"

"Wote, mzee wangu."

"Na asiyekuja anatozwa faini?"

Kijana akasita, akasema inawezekana.

"Aa!" Mzee akatugeukia. "Kumbe ni elika!"

Elika ni kikundi cha kulima kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, kwa nyimbo na kusutana, na mmoja akiugua, shamba lake ndilo linalolimwa kwanza. Kijana wa pwani hakulijua neno hilo, lakini aliona nyuso zetu zimekunjuka, akasema ndiyo, hiyohiyo. Basi tukajiunga. Mwenyekiti hatukuchagua. Tulimchagua nsumba ntale, ndiye mkuu wa vijana katika elika, na cheo tukampa mzee wa boila, ingawa alikuwa amebakiwa na meno machache tu.

Umbea ukamfikia meneja. Akatuita ofisini mmoja mmoja.

"Wewe umo kwenye chama?" aliniuliza, amenikazia macho.

"Hapana, bwana. Nimo kwenye elika."

Karani wake akamweleza kwamba hao ni watu wanaolima pamoja huku wakiimba. Meneja alicheka kwa raha mpaka akapaliwa. "Limeni!" akasema. "Kulima nawaruhusu, tena limeni sana!"

Asubuhi ambayo shemeji alitakiwa kuondoka, mashine hazikunguruma. Pamba ilikuwa imejaa uani, malori yamepanga foleni hadi barabarani. Sisi wote tulikuwa kwenye kishamba cha shemeji nyuma ya nyumba za kampuni, majembe juu, tunaimba. Hakuna Msukuma mwenye akili zake anayelima Julai. Ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu, kila pigo linarudi mabegani, na vumbi lilitufanya wote tufanane. Nsumba ntale hakugusa jembe. Kazi yake ilikuwa kuimba na kuwasuta wavivu, na mvivu wa kwanza alinitaja mimi.

Meneja akaja na gari, akashuka na viatu vyake vinavyong'aa. "Mnafanya nini hapa?"

"Tunalima, bwana," mzee akamjibu. "Ulituruhusu."

"Julai?"

"Mwenye shamba ni mgonjwa, bwana. Hatuwezi kwenda kwingine kabla ya kwake."

"Na mtamaliza lini?"

Mzee akalitazama shamba, akaitazama nyumba, kisha akayatazama malori. "Akirudi kazini."

Meneja akageuka kuitazama nyumba. Dada yangu alikuwa mlangoni, amekaa juu ya godoro lililokwisha kufungwa kamba, amejishika tumbo kwa mikono miwili. Sikuweza kumtazama usoni. Dereva mmoja wa lori akapiga honi ndefu, wa nyuma yake naye akapiga.

"Kesho aje," meneja akasema. "Atakaa getini. Na chumba abaki nacho. Haya, sasa rudini kazini."

Majembe yakaanguka chini. Dada yangu alikuwa ameshaanza kuzifungua kamba za godoro kwa meno. Ndipo shemeji, aliyekuwa bado na jembe katika mkono wa kushoto, akainua sauti.

"Ngojeni kwanza. Tuta hili limebaki nusu. Watu wakipita hapa watasema nimelimiwa vibaya."

Tukaokota majembe. Mzee akaanzisha wimbo, na meneja akasimama pembeni mwa shamba, kofia mkononi, akitusubiri tumalize.