Wataona Bahari Saa Ngapi

Mkutano ambao sikuuandaa umenigharimu shilingi elfu kumi na moja na mia sita. Nimezihesabu mara mbili, maana mara ya kwanza sikuamini. Humo mna nauli za Gede na Bofa, kuna amana ya viti niliyoiweka Gede na mwenye viti hasikii lolote, na kuna buibui jipya nililolinunua ili kamati inione mtu wa kazi. Buibui angalau ninalo.

Kazi yangu ni kuwatafutia watu mahali. Chama kikitaka kukutana, kamati hunipigia simu, nami natafuta ukumbi, malazi, chakula na uwanja, kwa sababu siku hizi hakuna mkutano wa mwaka usiokuwa na mechi ya mpira na kuvuta kamba. Mameneja wa hoteli wananijua. Wengine wakiniona langoni tu hupandisha bei, ili wapate pa kushukia.

Katika wateja wangu wote nilimpenda mmoja: chama cha akiba cha walimu wa bara, watu themanini na kitu, wanaoteremka pwani kila mwaka shule zikifungwa. Miaka sita niliwapeleka mahali pamoja, kituo kimoja cha mafunzo kule Gede. Kina uwanja wa nyasi, vyoo vinavyofungika, na ukumbi ambao feni zake zote zinazunguka. Bei yake niliikata mpaka meneja akaniuliza kama nina ugomvi na ukoo wao. Walimu wakaniita "mwenyeji wetu", nami nikalishika jina hilo kama hati ya shamba.

Nimeolewa peke yangu miaka ishirini na sikujua ukewenza una ladha gani. Nimeuonja kazini. Mke mwenzangu alikuja Kilifi kutoka bara, akafungua kibanda cha chai karibu na stendi. Akaanza kulisha timu za mpira, kisha akazitafutia pa kulala, kisha hoteli zikaanza kumpigia simu zenyewe. Kicheko chake hufika kabla yake. Siku mwenyekiti wa walimu aliponiambia, "Yupo dada mmoja pale Kilifi," nilikiweka kikombe chini. Akaeleza kwamba mwaka huu kamati ingependa kulinganisha. Mwanamume akishaanza kulinganisha, mwenye akili huhesabu masufuria yake.

Akatuita sote wawili siku moja. Kwanza tuione hoteli aliyoipendekeza huyo dada kule Bofa, Kilifi, kisha tupande Gede tuone pangu.

Bofa tulifika saa nne asubuhi. Nilikagua kila kitu. Nilihesabu soketi za ukumbini, nikafungua mabomba, nikabonyeza magodoro. Nilikuta taa mbili zimeungua, nikazitaja kwa sauti. Uwanja sikuuona, na moyo wangu ukafurahi.

"Sasa dada," nikamuuliza, "kamba wataivutia kwenye maegesho?"

Akatushusha ngazi za hoteli mpaka mchangani. Maji yalikuwa yametoka mbali kabisa, na ufuko umelala mpana, mgumu, kama umepigwa pasi. Mwenyekiti, mtu wa suti na tai, alikunja suruali akavua viatu. Tangu nimjue sikuwahi kuziona nyayo zake.

Gede nilijitetea vizuri. Nilieleza kivuli, nyasi, vyoo, bei, hata umbali wa zahanati ikiwa mwalimu atateguka. Mwenzangu alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akauliza kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyonichoma.

"Mama, kwani hapa wataona bahari saa ngapi?"

Nikacheka. Nikamwambia bahari haihami, anayeitaka atapanda boda mpaka Watamu, si mbali. Nikamgeukia mwenyekiti tucheke pamoja. Alikuwa akitazama viatu vyake.

"Mwenyeji wetu," akasema, "sisi huwa tunatoroka."

Ndipo yote yakatoka. Kila mwaka, alfajiri, nusu ya walimu walikuwa wakipanda boda kwenda kusimama majini, kisha wakirudi na suruali mbichi na kuingia kikaoni kama watu waliotoka kulala. Waliogopa kuniambia, maana nilikuwa mkali kuhusu saa ya chai. Na mimi kwa miaka sita nilihesabu mayai yaliyobaki mezani, nikagombana na mpishi, nikapunguza idadi ya mayai, nikajisifu kwamba nimeokoa pesa za chama. Mtu aliyezaliwa akiisikia bahari usiku kucha hakumbuki kuwa kuna anayeilipia nauli. Mwenzangu aliiona mara ya kwanza akiwa na watoto wawili. Hajasahau.

Bofa ikashinda. Nilimpongeza kwa mdomo uliotafuna shubiri. Usiku ule nilimwambia mume wangu kwamba huyo mwanamke hajui hata kupiga bei. Akaniuliza basi amenishindaje. Nikazima taa.

Wiki hii yule dada akanipigia. Alitaka kukodi magoli yangu ya mabomba, yale ya kufungua na kufunga, akanitumia na ratiba ili nijue anayataka lini. Niliisoma mara mbili. Jumamosi asubuhi, mkutano mkuu ukumbini. Jumamosi saa kumi alasiri, jua likishapoa, fainali ufukweni, wanachama wote wakitazama.

Jumamosi hiyo mwezi ni mpevu. Maana yake ni bamvua, yale maji makubwa. Hata siku ile tulipokwenda ilikuwa bamvua, ndiyo maana maji yalikuwa yametoka mbali vile. Lakini maji ya bamvua yakitoka hivyo saa nne asubuhi, saa kumi alasiri huwa yamerudi yote, yanapiga ukuta wa hoteli. Uwanja wake utakuwa chini ya bahari, na magoli yangu ndani yake. Meneja wa hoteli aliulizwa habari za vyumba, akajibu habari za vyumba.

Dawa yake ni ndogo: fainali iwe asubuhi, mkutano uwe alasiri. Ni maneno ya simu ya nusu dakika. Sijapiga.

Sisemi uongo, picha ile ni tamu. Nawaona walimu wamesimama ngazini na jezi zao, na mmoja anasema mwenyeji wetu wa zamani angelijua hili. Naila picha hiyo kama halua, kidogo kidogo. Kisha ananijia golikipa wao, mzee aliye karibu kustaafu, ambaye kila mwaka hununua glavu mpya kwa ajili ya mechi hiyo moja, na halua inaniganda menoni.

Mume wangu alisema, "Mwambie. Maji si yako." Nikamwambia hakuna aliyemuuliza, ingawa nilikuwa nimemuuliza.

Kinachonisumbua zaidi ni neno moja la huyo mke mwenzangu. Tulipokuwa tunaagana kwenye simu alisema, bila kicheko kwa mara ya kwanza, "Mama, mimi huku ni mgeni. Nikikosea utaniambia, eti?"

Mdomo wangu ukajibu kabla sijaushika: "Nisipokwambia mimi atakwambia nani?"

Kesho asubuhi anakuja kuchukua magoli. Ataniuliza bei, na ninajua hatapunguziwa hata akiniomba. Ila hilo jingine, la maji, sijui nalipimaje. Naweza kumwambia nikamdai elfu zangu kumi na moja na mia sita. Naweza kumwambia nikaomba nusu ya walimu. Naweza kumwambia bure, nikabaki na buibui. Wewe unayesoma haya, ikiwa umewahi kunyang'anywa mtu wako na anayemjua kukupita, nishauri: nimtajie bei gani?