Mfarishi wa Milango Sita

Kwa miaka kumi na mmoja Nangobi na Akeyo walitenganishwa na ukuta mmoja tu katika nyumba za askari jela mjini Jinja, na muda wote huo waligombana mara mbili, zote kwa sababu ya kuku. Nangobi alikuwa Msoga na Akeyo Mjapadhola, basi wakaelewana kwa Kiswahili chao cha kambini, ambacho mwalimu yeyote angekishikia kiboko. Wao hata hawakujali.

Kisha mume wa Akeyo akahamishiwa Mbale. Mwaka 1995 habari zikamfikia Nangobi, mjane sasa, akishona sare za shule kule Wanyange: Akeyo macho yamemharibikia. Haoni rangi wala sura, anaona mwanga na giza tu, na daktari amesema hata hivyo vitamtoka.

Nangobi alilia, halafu akajifuta uso, maana si mtu wa kulia kutwa nzima. Akaamua kumshonea mfarishi mdogo wa viraka, usiozidi ukubwa wa sinia la chai, wenye pamba kati na picha ya zile nyumba zao juu: milango sita, kuta, na bati. Auone kabla mwanga haujamwishia.

Mfarishi wa kwanza ulikuwa wa kujivunia, na hapo ndipo alipokosea. Nangobi hakuwahi kutupa kitambaa maishani mwake, kwa hiyo alitumia nguo walizovaa wenyewe. Kuta akazishona kwa gomesi yake nyekundu ya Krismasi, na milango kwa gauni la kijani aliloachiwa na Akeyo. Wanyange nzima iliusifu. Akaupeleka Mbale, akapanda boda boda ya baiskeli hadi Nkoma, alikokaa Akeyo na bintiye Annah. Akeyo akausogeza dirishani, akaugeuza juu chini.

"Asante, dada. Kitambaa muzuri," alisema, akaukunja taratibu. Hakuwa ameona mlango hata mmoja.

Nangobi alirudi amenuna njia nzima, akimlaumu dereva, mvua na serikali, kila mtu isipokuwa Nangobi.

Ukutani kwake palikuwa na picha waliyopigwa studio zamani, yeye katika gomesi ile, Akeyo katika gauni lile. Ilikuwa picha nyeusi na nyeupe, na alikwisha kuizoea hata haioni. Jioni ile aliiona. Nguo zote mbili zilikuwa zimetoka kijivu kimoja, huwezi kujua gomesi inaishia wapi na gauni linaanzia wapi.

"Mjinga wewe," alijiambia kwa sauti. "Umeshonea macho yako, si yake."

Kesho yake alimwaga vipande vyote mkekani, akafumba macho nusu mpaka rangi zikafifia, akaanza kuvigawa: vinavyong'aa huku, vinavyozama kule. Nyekundu na kijani vikaenda gizani pamoja. Kitenge cha manjano, alichokuwa akikidharau, kikawa nuru. Visivyo huku wala kule alivirudisha mfukoni, hata kile cha ubatizo wa mwanawe, na roho ikamuuma. Kuta akazishona kwa nguo za mwanga, milango kwa nguo za giza. Mlango wake mwenyewe aliukata kwenye koti jeusi la marehemu mumewe, kwa kuwa hakuwa na kitambaa alichokipenda zaidi.

Safari ya pili Akeyo aliusogeza tena dirishani. Kisha kidole cha Akeyo kikaanza kutembea: moja, mbili, tatu.

"Hii ya Afande Wanyama," alisema. "Ya nne, hii yangu!" Akacheka huku machozi yakimtoka. "Na hii yako. Lakini mbona mlango nafungwa?"

"Yote nafungwa, dada. Yote nimeweka giza."

"Ya wengine, sawa. Yako, hapana. Miaka yote ile mimi nakuja bila kubisha. Sijaona mlango yako nafungwa hata siku moja."

Tangu azikwe mumewe, Nangobi alikuwa akijifungia ndani hata mchana, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Alimwomba Annah mkasi. Akaanza kulifumua lile koti jeusi, uzi mmoja mmoja, huku Akeyo akifungua kilemba chake cheupe ili wakate kipande cha mlango ulio wazi, na koti libaki fremu nyembamba tu.