Mpima maziwa wa Bahati anayepimwa kwanza

Saa kumi na mbili asubuhi, foleni ya mikebe imeshapinda kona ya kituo cha kukusanyia maziwa cha Bahati, na hakuna hata tone lililopimwa. Mpimaji mwenyewe, Makhanu, amesimama mlangoni na koti lake jeupe, laktomita, kipimo cha kubaini maziwa yaliyotiwa maji, mfukoni. Anangoja kupimwa yeye.

"Umelala masaa mangapi?" anauliza Jebet, mfugaji wa miaka 61 mwenye ng'ombe watatu na subira ya kuku anayeatamia.

"Sita na kitu, mathe."

"Umekula?"

"Chai na viazi vitamu."

Jebet anamkagua macho kama anunuaye mbuzi, kisha anampisha. Kazi inaanza.

Makhanu, 38, hulipwa shilingi 27,000 kwa mwezi kulinda tangi la ushirika dhidi ya maziwa yaliyotiwa maji au yaliyochacha. Adhuhuri huvua koti akawa mwanafunzi. Yuko mwaka wa nne wa shahada ya uzamifu, akichunguza kwa nini maziwa huharibika kabla ya kufika tangini. Mwaka jana aliyaharibu mwenyewe.

Kwa miezi minne alikuwa akilala masaa matatu. Chakula alikiona usumbufu. Msimamizi wake chuoni, Dkt Harun, alitaka tasnifu nzima kufikia Agosti. Makhanu aliandika barua ya kuomba muda zaidi mara tatu, akaifuta mara tatu. Aliona haya. Mkewe Trizah, mwalimu wa chekechea, anasema angeweza kumwambia nyumba inaungua na bado angejibiwa "mm".

Ndipo asubuhi moja ya Juni alipochanganya maziwa ya mkebe mmoja na spiriti, yakafanya mabonge mbele yake, ishara kwamba yamechacha, naye akaashiria yamiminwe tangini. Lita 1,100 zikaharibika. Wafugaji themanini wakakosa malipo ya siku hiyo.

"Niliyaona mabonge," anasema. "Macho yalikuwa hapo. Mimi sikuwepo."

Kwenye mkutano wa wafugaji wengi walitaka afutwe kazi, na wachache wakanong'ona kwamba amelambishwa hongo. Jebet aliposimama hakuuliza habari ya maziwa. Aliuliza kijana huyu alilala vizuri lini mara ya mwisho. Makhanu akaanza kumpa wastani wa wiki, ukumbi ukacheka, naye katikati ya hesabu akaangua kilio. Kicheko kikakatika.

Mwenyekiti Kipkemei akakata shauri. Abaki, ila apimwe kila asubuhi. Akiwa chini ya masaa sita au tumbo tupu, karani wa akiba, Nekoye, anashika laktomita badala yake. Na ile barua ya kuomba muda itumwe chuoni.

Wiki ya kwanza alijaribu kudanganya. Jebet akampigia Trizah simu kabla hajamaliza sentensi, na mpimaji akarudishwa nyumbani mbele ya foleni nzima, sawa na mkebe uliochacha.

Barua nayo ilijibiwa siku hiyohiyo. Dkt Harun alimwongezea miezi minane, akauliza mbona hakusema mapema.

Siku hizi kompyuta huzimwa saa tatu usiku, na Jumapili haiguswi. Kurasa anazoandika zimepungua, lakini akizisoma kesho yake anazielewa. Mara mbili mwezi huu amejitokeza mwenyewe na kukiri masaa manne. Alirudi kulala bila kubishana.

Tangi lile la Juni limepata nafasi katika sura ya tano ya tasnifu. "Nimepima joto, nimepima mikebe, nimepima umbali," anasema. "Aliyekuwa akipima sikuwahi kumpima."

Anatumaini kuwasilisha tasnifu Aprili, kisha kuvishawishi vituo vya maziwa vya Olenguruone navyo viwe na mtu wa kumhoji mpimaji mlangoni. Aprili ikipita, asema, ataomba tena, na safari hii hataifuta barua.

"Shahada haina miguu, haitanikimbia," anasema, akifungua mkebe unaofuata. "Aliyekuwa anapotea ni mimi."