Msiba wa Kila Jumapili

Juzi nilipita mtaa wa Malakia, hapa Juba, kumjulia hali mama jirani yetu wa tangu utotoni, nikakuta ukuta wa chumba chao cha sala umepakwa alama nyekundu. Ni chumba kidogo tu cha udongo na mabati, ambamo kina mama wa Kiislamu husalia. Ofisi ya serikali inasema hakina kibali, kwa hiyo kitabomolewa. Kibali, ndugu yangu. Niliposikia neno hilo niliketi.

Maana utotoni mwangu, kabla hatujakimbilia Kenya, sisi Wakristo ndio tulionyimwa kibali. Sudan Kusini ilikuwa haijapata uhuru, serikali ilikuwa ya Waislamu wa Khartoum, Juba imejaa askari, mapumziko ni Ijumaa, na Jumapili sisi watoto tunakwenda shule. Kanisa letu la nyasi lilibomolewa, na kila tulipoomba kujenga jingine tuliambiwa turudi kesho. Kesho yenyewe haikufika. Lakini msiba haukuhitaji kibali. Basi nyanya yangu akaanza kufanya bika, yaani matanga, kila Jumapili jioni, matanga ya kusingizia ili tupate kusali.

Sisi watoto tulitandika mikeka na kuteka maji. Nyanya alisonga asida, ugali wetu, na kupika mchuzi wa weka, ile bamia kavu ya kusaga, harufu ikafika barabarani kama ilivyo kwenye kilio chochote. Nyimbo za furaha tuliziimba polepole, kwa sauti ya maombolezo, na mpaka leo wimbo wa Krismasi hunitia huzuni. Mama jirani, Mwislamu mzaliwa wa Malakia, aliketi mlangoni amejitanda tobu lake akipokea wageni. "Kufiwa hakuna dini," alisema. Askari waliokuwa wakipita walimwona yeye, wakaenda zao.

Huyu mama alikuwa na mwana aliyekamatwa njiani akitoka sokoni, asionekane tena. Majirani walimshauri amlilie, moyo upumzike. Alikataa katakata. "Maiti sijaiona, nilie nini?" Kila jioni alimpakulia mwanawe chakula, akakifunika.

Jumapili moja askari hawakupita, waliingia. Mkubwa wao akamkabili nyanya: "Nani amekufa? Jina lake nani?" Katekista wetu, aliyetuongoza sala, alikuwa ameikalia Biblia, na sote tulijua wakiiona wataondoka naye. Nyanya, mwanamke mwenye maneno kuliko redio, akainamia sufuria kukoroga mchuzi, asitaje jina. Kwetu, kumtaja mtu aliye hai kuwa amekufa ni kumwitia kifo.

Mama jirani akainuka. "Ni mwanangu," akasema. Akalitaja jina lake, na la baba yake, na la babu yake, kisha akaanza kulia, na kilio kile hakikuwa cha kuigiza. Mkubwa wa askari akavua kofia, akainua mikono, akamsomea marehemu Fatiha. Wakaondoka.

Neno kama hilo likishatoka halirudi mdomoni. Wiki nzima watu walikwenda kumpa pole kama mfiwa yeyote, naye akazipokea. Tangu siku hiyo hakufunika tena chakula. Nilimkuta nyanya jikoni analia, anasema tumeokolewa na mwana wa mwenzetu.

Nyanya alishafariki. Nchi sasa ni yetu, bendera ni yetu, na hao jirani zetu Waislamu ndio wachache. Vyakula tulivyokuwa tukipelekeana wakati wa Idi na Krismasi havivuki ua tena. Kijana mmoja wa ofisini amemwambia mama jirani arudi kwao. Kwao wapi, na kitovu chake kimezikwa Malakia? Inachosha, we acha tu. Mwenyewe hakulalamika. Alinishika mkono, akasema, "Malesh, samahani kwa kukusumbua, mwanangu. Ninyi mnasikilizwa. Waambie watu wa kanisa lenu watusemee."

Nikalipeleka ombi lake kwa wazee wa kanisa, na baadhi yao walikulia kwenye mikeka ile ya nyanya. Walinisikiliza kwa heshima, wakatikisa vichwa, wakasema jambo hili ni nyeti, afadhali tuliombee kuliko kwenda ofisini. Jumapili tukasimama tukaliombea kwa vipaza sauti, mtaa mzima ukasikia. Hakuna askari aliyeingia kutuuliza nani amekufa.