Mrehani Kwenye Kopo la Maziwa

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Troyeville, Johannesburg, Mama Furaha, alikuwa akichemsha majani ya kujifukiza mafua. Yeye ni msusi kutoka Lubumbashi, na ukuta unaotutenganisha ni mwembamba kiasi kwamba akipiga chafya mimi ndiye ninayemwombea afya. Harufu ikapita chini ya mlango, ikanikuta nakunja vitenge vyangu vya kuuza. Nikaacha kazi, nikaenda kusimama mlangoni pake kama mtu aliyeitwa.

"Yaya, uko unalilia nini?" akaniuliza. "Ni majani tu hii."

Ni kweli, yalikuwa majani tu. Mrehani. Lakini nanyi mnajua harufu ilivyo, haibishi hodi. Nilikuwa nimesimama Troyeville, na papo hapo nimesimama shambani, peku, baridi ya asubuhi inaniuma vidole, na mama yangu yuko mbele yangu anatembea polepole kuelekea kwenye mikaratusi.

Shamba lile lilikuwa kaskazini mwa Johannesburg, zamani ambapo ukitoka mjini ulifika mahali nyumba zikaisha na mahindi yakaanza. Siku hizi nyumba haziishi. Baba alikuwa fundi wa matrekta. Kazi hiyo alijifunza kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, akaja nayo huku kutafuta maisha, na mzee wa Kikaburu mwenye shamba alimpenda kwa sababu trekta lake kuukuu lilikataa kuwaka kwa mtu mwingine yeyote. Tulipewa nyumba ya matofali kando ya zizi la ng'ombe wa maziwa. Mama, mtoto wa Pangani aliyekulia hewa ya chumvi, alilalamika kwamba hata chapati zake zilinuka ng'ombe.

Jirani yetu alikuwa Gogo, bibi wa Kizulu aliyekamua ng'ombe wale tangu ujana wake. Hakujua Kiswahili, na mama hakujua Kizulu, kwa hiyo waliongea kutwa. Kila mmoja alishika lugha yake, na mimi nikawa katikati, natafsiri nusu na nusu nyingine naibuni. Sikumbuki hata siku moja waliyokosa kuelewana.

Mdogo wangu Zuhura alizaliwa pale, kipupwe kimekaza, akafariki kabla hajatimiza arobaini. Wanaume wa kwetu waliokuwa wakipanga Joubert Park walikuja na pikapu moja, wamebanana nyuma na kofia zao nyeupe, na mzee mwenye shamba akaruhusu azikwe chini ya mikaratusi, walikozikwa wafanyakazi wengine, akiwemo mume wa Gogo. Wale wengine walikuwa na mirundo ya mawe. Zuhura kaburi lake lilikuwa dogo, mchanga wake ulishuka upesi ukawa sawa na ardhi. Baba alichonga vijiti viwili, akavipaka rangi nyeupe iliyobaki kwenye banda la kukamulia, akakisimika kimoja kichwani na kimoja miguuni.

"Hawa ndio mashahidi," akaniambia. "Wanashuhudia kwamba hapa yupo mtu."

Mama alikuwa na mbegu za mrehani alizokuja nazo kutoka kwao, amezifunga kwenye pindo la kanga. Akazimwaga pale. Mvua za kiangazi za huku zilipokuja, ukaota na kunukia. Baridi ilipouma, ukanyauka. Mvua iliporudi, ukaota wenyewe. Kila asubuhi tulikwenda. Mama alinifundisha kutopita penye mashahidi bila kutoa salamu. Nilimuuliza mbona hawaitikii.

"Wafu hawajibu, mwanangu," alisema. "Ila wanasikia."

Sasa mtaelewa hofu iliyonipata asubuhi ile ya mwisho wa kipupwe. Nilitumwa maziwa. Kufika kwenye ukingo wa shamba, nikakuta uwanda mzima umejaa mashahidi. Vijiti vyeupe, jozi kwa jozi, kuanzia kwenye kisima hadi barabarani, hata kule ambako jana ng'ombe walikuwa wakilala. Nikafikiria watu wote niliowajua, nani amebaki. Lakini mafunzo ni mafunzo. Nikashika kopo langu la maziwa kwa mikono miwili, nikaanza kutoa salamu kaburi baada ya kaburi.

Kulikuwa na kijana amesimama na chombo chenye miguu mitatu, amevaa kizibao cha rangi ya chungwa. Akadhani namsalimia yeye.

"Sharp, sisi!" akanijibu, yaani salama, dada.

Nikasogea kwenye jozi nyingine. Asalaam alaikum.

"Sharp, sharp!"

Niliposalimia tena na tena, akavua kofia, akamwambia mwenzake kwa Kizulu, "Eish, mtoto huyu kalelewa. Wa kwako hata hakusalimii ukirudi na mshahara."

Nilikimbia nyumbani. "Mama, wamekufa watu wengi usiku!"

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu tumzike Zuhura. Baba hakucheka. Aliweka chini spana yake, akaniuliza, "Vijiti vinafika wapi?"

Vilifika kwenye mikaratusi. Mzee mwenye shamba alikuwa amefariki miezi iliyotangulia, na wanawe wa mjini wameuza ardhi. Wale walikuwa wapimaji wa viwanja. Na wapimaji wana desturi yao: wakikuta vigingi vya zamani huving'oa, visije vikachanganyika na vipya. Makaburi yenye mawe waliyatambua, wakayazungushia utepe. Kwenye nyasi kavu wakakuta vijiti viwili vyeupe vya rangi iliyofifia. Wakaving'oa, wakavitupa kwenye moto wa kuotea.

Tulifika pale wote watatu. Mrehani ulikuwa umekufa kwa baridi, nyasi zimeungua, na miti kadhaa tuliyoishika kama alama imeshaangushwa. Baba akasimama mahali, akasema, "Hapa." Mama akasimama mbali naye kidogo, akasema, "Hapana. Hapa." Yule kijana wa kizibao aliitwa. Aliposikia, uso ulimshuka. "Askies, baba. Askies, mama," aliomba radhi tena na tena, akaenda huku na huku akainama, akatuonyesha sehemu tatu, na hakuna hata moja aliyokuwa na hakika nayo.

Baba alitaka kumhamishia Zuhura kwenye makaburi ya Waislamu mjini. Wale wanaume wa Joubert Park walikuwa tayari kuja. Lakini huwezi kuchimba uwanda mzima kumtafuta mtoto ambaye urefu wake ulikuwa mkono wa baba yake.

"Tungoje mvua," mama alisema. "Mrehani utaota. Atatuonyesha mwenyewe."

Baba akamwendea msimamizi wa greda lililokuja kusawazisha ardhi, akamwomba aanze na upande mwingine. Yule bwana akakubali, na alikuwa muungwana, ila alisema wazi kwamba hawezi kungoja milele. Basi tukawa watu wa kutazama mbingu. Kila alasiri mawingu yalijikusanya, yakanguruma, yakaenda kunyeshea watu wengine. Huku nyuma tulisikia greda kutwa nzima. Mpaka leo nikisikia mashine ya aina ile, popote, natazama juu kwanza.

Wakati tunangoja, Gogo akaondoka. Mwanawe alikuja na pikapu kumchukua kwenda Natal. Kabla ya kupanda, alikata tawi la mti wenye miiba, akaenda nalo kwenye kaburi la mumewe, akaligusisha mawe. "Vuka, baba, siyahamba," alisema. Amka, baba, tunaondoka. Tangu hapo hakuagana tena na mtu. Alilikumbatia lile tawi na kuongea nalo peke yake. Ila mama alipomsogelea, alivunja kidogo mwiko wa kwao, kwamba mwenye tawi haongei ila na marehemu wake, akaniambia nimtafsirie.

"Mwambie mama yako na yeye afanye hivi. Na njiani aseme: hapa kuna mto, hapa tunakata kona. Mtoto hajui njia. Mkiondoka kimya atabaki hapa anawatafuta."

Nilitafsiri yote, safari hii bila kubuni. Mama akatikisa kichwa kwa upole. Baba akasema kutoka mlangoni, "Mshukuru bibi. Mwambie mambo hayo si yetu." Gogo hakuudhika. Pikapu iliondoka polepole, na nilimwona kupitia kioo, midomo yake inacheza.

Greda lilimaliza upande wa pili. Likaja upande wetu Jumatano. Mvua ikaja Ijumaa.

Ilikuja na mawe ya barafu yaliyopiga bati mpaka tukashindwa kusikilizana. Siku kadhaa baadaye niliamka mapema, nikaenda peke yangu, na mimi ndiye niliyeuona. Nisingeweza kukosea majani yale. Ulikuwa umeota! Ulianzia kwenye visiki vya mikaratusi, ukaendelea kama mkeka mrefu mwembamba juu ya udongo uliosawazishwa, ukavuka kiwanja na kiwanja kingine, mpaka ilikopangwa kupita barabara. Miche midogo isiyohesabika, na ukipita katikati yake hewa yote inanukia. Nilirudi mbio nikipiga kelele za furaha.

"Mama! Mama! Zuhura ameotesha shamba zima!"

Mama akaja amejifunga kanga vibaya. Akatembea mwanzo wa ule mkeka hadi mwisho, ameinama, anagusa miche. Kisha akaketi kwenye tope. Mimi nilikuwa naruka pembeni yake, nikingoja anisifu. Baba alifika nyuma yetu, akatazama, akaelewa.

"Ni udongo wa juu tu uliosogezwa, mke wangu," alisema. "Yeye yuko chini. Hawakumfikia." Kisha akasema tena, "Hawakumfikia." Mimi nikashangaa kwa nini hakuna anayefurahi.

Tulihama kabla mahindi ya wenzetu hayajabeba. Baba alikaa mbele na dereva. Mama na mimi tulikaa nyuma, kati ya magodoro na masufuria. Mapajani alishika lile kopo langu la maziwa, amelifunika kwa kanga. Ndani yake alikuwa ameweka udongo na miche ya mrehani, na sikuona ajabu, maana mama asiye na mrehani dirishani si mama wa Pangani. Niliona ajabu kwamba, mtu asiyependa maneno kama yeye, aliongea njia nzima.

"Tumetoka kwenye vumbi sasa, hii ni lami. Umeona?"

"Nimeona, mama."

"Hapa tunavuka daraja. Usiogope, ni maji kidogo."

"Siogopi."

"Hii ni roboti, taa ikiwa nyekundu magari yanasimama. Sasa tunakata kushoto. Hapo mbele ndiyo mjini, tutakaa ghorofani. Umeona?"

"Nimeona, mama, nimeona."

Nilijibu kila kitu. Nilijisikia mkubwa, naonyeshwa njia.

Nimeshakaa vyumba vingi tangu wakati ule, Bertrams, Joubert Park, hata Durban kidogo, na hakuna nilikodumu. Mara mbili tatu nimerudi kule. Pana ukuta mrefu wenye waya wa umeme, na mtaa umepewa jina la ndege ambaye sisi hatukumwona akitua pale. Banda la kukamulia limekuwa ukumbi wa sherehe. Nyumba ni nzuri, sina neno nazo, na nyasi zake zimekatwa kama nywele za askari. Mlinzi huniuliza, "Unamtembelea nani, sisi?" Namba ya nyumba sina. Nasimama barabarani, natoa salamu, naondoka. Naye huitikia, kwa adabu, akidhani ni yake.

Mama alikwisha fariki, nami bado nikidhani alikuwa ananifundisha njia. Kisha siku moja, kwenye kituo cha mabasi karibu na Newtown, nikamwona mwanamume amekaa ndani ya basi na tawi lililofungwa kwa kitambaa. Alikuwa amelilipia nauli, limekaa kwenye kiti chake lenyewe, kwenye dirisha lililo wazi. Basi lilipoanza kutoka, alikiinamia kile kiti, akasema taratibu, "Tunaondoka sasa. Hapa tunakata kulia."

Nilibaki nimesimama na mizigo yangu. Njia nzima ile, mama hakuwa akizungumza na mimi. Lakini hakunikataza kujibu. Aliponiuliza kama nimeona, alinyamaza kwanza, akangoja, na niliposema nimeona, alishusha pumzi na kuendelea na kona nyingine.