Sukari Haikai Kwenye Kikombe Tu

Nakumbuka vizuri sana, mwanangu, ile siku baba mkwe wangu, Kamau, alirudi kutoka hospitali na habari kwamba ana ugonjwa wa sukari. Ilikuwa miaka ya hamsini, tukikaa Thika. Daktari alimwambia apunguze sukari na mafuta, aache sigara, atembee, tena arudi kupimwa. Kwa hayo yote alisikia moja tu. Sukari ya chai aliacha siku hiyo hiyo, akajisifia hadi kwa Mutua, fundi wa baiskeli.

Sigara aliendelea. Nyama ya mafuta alikula, akisema mafuta hayana sukari. Kutembea? Alikaa mlangoni akisema mtu mzima hatembei bila safari. Na wageni waliokuja kumwona mgonjwa, jirani yetu Nyokabi na dada zake, walimletea nini? Pakiti za sukari, kama desturi. Tukapokea, tukashukuru.

Kifua kilipoanza kumbana akipanda kutoka kuoga mtoni, alisema ni gesi. Nilimsihi arudi hospitali, nikamwambia huenda ni moyo, akanitolea macho.

"Wewe mtoto, mimi nimeambiwa nina sukari. Nani amekwambia habari ya moyo?"

Asubuhi moja alianguka pale mlangoni, jasho limelowesha shati. Mume wangu, Ndung'u, na Mutua wakambeba hadi hospitali. Daktari alieleza kwamba sukari ikizidi kwenye damu huharibu mishipa, na moyo nao unalishwa na mishipa. Mzee akasikiliza, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa mbona hamkuniambia?"

Nilitaka kulia, nikataka pia kumpiga. Hakurudi nyumbani. Tulimzika kwao, Ruiru.

Sasa na wewe umeambiwa una sukari, na jana nimekuona na chai isiyo na sukari mkono mmoja, sigara mkono wa pili. Nimechoka, mwanangu. Ukipimwa sukari, pimwa na presha. Dawa meza hata siku unajisikia mzima. Punguza chumvi na mafuta, tembea kila siku, na hiyo sigara tupa. Kifua kikibana, usiniletee habari ya gesi. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Mungu akupe masikio kwanza, halafu akupe miaka mingi, wewe ndiwe unizike mimi.